Maneno Manane, Mkia Mmoja

Hebu yasome haya kwanza, kisha tuzungumze: bough, cough, dough, hough, lough, rough, sough, tough. Ni maneno manane ya Kiingereza. Kila moja lina herufi tano, na kila moja linaishia na zile zile nne: o, u, g, h. Yaandike wima, moja chini ya jingine, utaona safu nadhifu kama wanafunzi gwarideni. Sare ni moja, kofia tu ndizo tofauti.

Orodha kama hii zimezagaa tangu watu waanze kubahatisha neno la herufi tano kwenye simu kila asubuhi. Mchezo wenyewe, Wordle, uliundwa na Josh Wardle na ukafunguliwa kwa umma Oktoba 2021. Kufikia Januari 2022, New York Times walikuwa wameshaununua. Lakini wachezaji wa Scrabble walikuwa na orodha zao kitambo: maneno yenye q isiyofuatwa na u, maneno ya herufi mbili, maneno yasiyo na irabu. Hakuna anayeziita fasihi. Mimi huzisoma jinsi ninavyosoma kitabu chochote kile. Nauliza zimepangwa vipi, zinaficha nini, zinamfanyia nini msomaji. Na kwa maoni yangu, hii ya mkia wa -ough ndiyo yenye mengi ya kusema, hasa ikisomwa hapa Kenya, ambako tamshi moja la Kiingereza linaweza kumfunga mtu mdomo maisha yake yote.

Tuanze na maana, kwa sababu orodha yenyewe haijishughulishi nayo. Bough ni tawi kubwa la mti. Cough ni kukohoa. Dough ni unga uliokandwa, ule unaongoja kuwa chapati au mkate. Hough ni kiungo cha mguu wa nyuma wa ng'ombe au farasi, pale unapopinda kuelekea nyuma. Lough ni ziwa au ghuba kule Ireland. Lough Neagh, kwa mfano, ndilo ziwa kubwa kuliko yote katika kisiwa hicho. Rough ni kitu kinachokwaruza. Sough ni mvumo wa upepo ukipita mitini. Tough ni kigumu. Mti, mgonjwa, jikoni, zizini, ziwani: maneno ya watu wa shamba, yote. Hakuna hata moja la mahakamani au la chuoni.

Sasa yatamke. Kwa tahajia yetu ni hivi: bau, kof, do, hok, lok, raf, sau, taf. Hilo la sough wengine husema saf. Macho yaliona gwaride, lakini sikio linasikia stendi ya matatu. Mshairi wetu wa vina na mizani akipewa safu hii atahesabu vina vitano katika maneno manane. Raf na taf wanaoana, bau na sau wanaoana, hok na lok wanaoana, halafu kof na do kila mmoja kivyake. Na ukiongeza herufi moja mbele, mambo yanazidi. Hough, yaani hok, ikipewa t inakuwa though, nayo inatamkwa dho. Lough ikipewa p inakuwa plough, plau. Rough ikipewa t inakuwa trough, trof. Kitu hakijaguswa mwishoni, lakini mwisho ndio umebadilika.

Kuna njia tatu za kuisoma orodha hii. Mbili ndizo zimezoeleka, na zote mbili naona zina kasoro.

Njia ya kwanza ni kicheko. Ni ule ujumbe unaozunguka kwenye vikundi vya WhatsApp: "Kiingereza ni lugha ya wazimu, ona mwenyewe!" Watu wanacheka, wanatuma kwa wengine, basi. Kicheko hiki ni cha zamani. Mholanzi Gerard Nolst Trenité alitunga shairi refu, The Chaos, lililojaa maneno yanayofanana kwa macho na kutofautiana mdomoni. Lilitoka mwaka 1920 katika kitabu chake cha mazoezi ya matamshi kiitwacho Drop Your Foreign Accent. Lisome jina hilo tena. Linamwamuru msomaji aitupe lafudhi yake ya kigeni. Shairi linaicheka lugha, lakini kitabu kinamsahihisha mgeni. Hiyo ndiyo kasoro ya kicheko. Tunasema lugha hii haina kanuni, halafu bado tunamhukumu mwanafunzi kwa kutoifuata.

Sisi Wakenya tuna kitenzi cha hukumu hiyo: kushrabu. Mtu akichanganya r na l, au akasema s pale inapotakiwa sh, ati ameshrabu. Tunajua nani anashrabu vipi, kabila kwa kabila, na wachekeshaji wamepata riziki humo. Ni utani, ndiyo. Lakini utani huu una bei. Katika shule moja ya msingi niliyosoma, mwenzetu alisimama kusoma kifungu kwa sauti akakutana na neno dough. Alisoma "daf". Darasa zima likaangua kicheko, na mwalimu akacheka pia. Muhula ule mzima yule kijana hakuinua tena mkono, na hata akitajwa alisoma kwa sauti ambayo dawati la mbele tu ndilo lililoisikia. Na hoja alikuwa nayo! Tulikuwa tumeshafundishwa rough na tough. Alifanya jambo ambalo shule inadai kulifundisha: aliona mfano, akapata kanuni, akaitumia. Nitarudi kwenye "daf" yake, maana kuna jambo ambalo darasa lile halikulijua.

Njia ya pili ni ya mchezo. Kwenye Wordle una nafasi sita za kubahatisha, na mkia wa -ough ni mtego. Ukishaipata o, u, g na h katika nafasi zake, unajiona umeshinda. Kumbe umebakiza herufi moja tu ya mbele na watu wanane wanaigombea. Anayejaribu moja moja, cough, kisha rough, kisha tough, anaweza kumaliza nafasi zote bila kufika. Mjanja anaachana na mkia kwa muda. Anatupa neno kama birds, ambalo linapima b, r, d na s kwa mkupuo mmoja, ndipo anarudi. Katika Scrabble hesabu ni tofauti. Hough ina pointi 12 kwa sababu ya h mbili, wakati tough na rough zina 9 tu. Kwa hiyo neno ambalo Waingereza wengi hawalitumii tena ndilo lenye thamani kubwa zaidi mezani.

Njia hii siidharau. Mwaka 2015, Wellington Jighere wa Nigeria alitwaa ubingwa wa dunia wa Scrabble ya Kiingereza huko Perth, Australia, Mwafrika wa kwanza kufanya hivyo. Kikosi chake kilisifika kwa mbinu ya kupendelea maneno mafupi, ya herufi tano hivi, badala ya kukimbilia marefu yenye pointi za ziada. Mwaka huo huo Nigel Richards wa New Zealand alishinda ubingwa wa Scrabble ya Kifaransa bila kujua kuzungumza Kifaransa. Alikuwa amekariri maneno tu. Ukilitafakari, kuna ukombozi fulani hapo. Mezani hakuna anayekuuliza umetoka wapi. Hakuna anayesikiliza r yako wala l yako. Neno limo kwenye orodha au halimo, kwisha. Nadhani hiyo ni sababu mojawapo ya mchezo huu kupendwa katika nchi zilizopewa Kiingereza na mkoloni. Ni chumba adimu ambamo Kiingereza hakina lafudhi.

Lakini chumba hicho hulipiwa kwa kunyamaza. Anayejua hough kwa pointi 12 bila kujua mguu wa ng'ombe ana sarafu ya nchi ambayo hajawahi kukanyaga. Orodha iliyopangwa kwa umbo imevua neno sauti yake, maana yake na historia yake, ikabakiza mifupa. Kwa mchezo inatosha. Balaa ni pale shule inapofundisha hivyo hivyo, kariri umbo, usiulize, kisha ikageuka kukuhukumu kwa sauti ambayo umbo halikukuambia.

Njia ya tatu ndiyo ninayoipigania: kuisoma orodha hii kama safu ya makaburi.

Zile gh mbili mwishoni hazikuwekwa na kichaa. Zamani sauti ilikuwepo. Katika Kiingereza cha kale, maneno ya leo rough na tough yalikuwa rūh na tōh, na ile h ya mwisho ilitamkwa kwa kukwaruza pumzi nyuma ya ulimi, karibu na koo. Ni kama Mwarabu anavyoitamka kh katika khamsa, tano. Baada ya Wanormani kuiteka Uingereza mwaka 1066, waandishi waliozoea namna ya Kifaransa wakawa wanahangaika na sauti hii, na hatimaye gh ndiyo ikazoeleka. William Caxton alipofungua kiwanda cha kupiga chapa Westminster mwaka 1476, tahajia ilianza kuganda. Midomo haikuganda. Katika karne zilizofuata, watu wa London na kusini waliipoteza sauti ile kabisa. Mahali pengine ilidondoka tu, ndiyo bau na do. Kwingine, kwa kuwa midomo ilikuwa imeviringwa kwa u iliyotangulia, mkwaruzo wa kooni ukahamia midomoni ukawa f, ndiyo raf na taf na kof. Kule Scotland na Ireland uliendelea kuishi, na Mwingereza aliposhindwa kuutamka aliweka k, ndiyo lok.

Kwa maneno mengine, hawa wanane waliwahi kuwa na sauti moja ya mwisho. Kila kijiji kikaivunja kivyake, kisha kile kinachoitwa Kiingereza sanifu kikaokota kipande hapa na kipande pale. Mtu akisema bau anafuata watu walioidondosha sauti, na akisema raf anafuata walioigeuza. Sasa turudi kwa mwenzangu. Kaskazini mwa Uingereza walikuwepo watu waliotamka dough kama "daf". Tamshi hilo halikupotea. Lilipewa tahajia yake, duff, na limo kwenye kamusi hadi leo, jina la kitindamlo cha unga cha kuchemsha. Kijana aliyechekwa alikuwa amefika, kwa akili yake mwenyewe, mahali ambapo Waingereza wenyewe walifika. Kama kushrabu ni kuibadilisha sauti ya neno kwa mazoea ya kwenu, basi orodha hii nzima ni kumbukumbu ya Waingereza wakishrabu Kiingereza.

Kuna jambo jingine linalonifanya nisiichoke orodha hii. Ile sauti iliyokufa London haijafa Bungoma. Mbukusu akisema omukhana, msichana, ile kh yake ndiyo hiyo hiyo, mkwaruzo wa pumzi nyuma ya ulimi. Dada yake, yaani sauti inayotoka mahali pale pale lakini koo likitetema, iko Nyeri. Mgĩkũyũ akisema mũgeni, ile g yake si g ya "gari" ya mtangazaji wa redio, ni laini na ya ndani zaidi. Dada huyo huyo yuko Mombasa na Lamu, katika gh ya ghali, ghafla, lugha na maghribi, aliyekuja na Kiarabu akawa mwenyeji. Nchi ambayo watoto wake wanachekwa kwa kushindwa na gh ya Kiingereza ina sauti za ukoo huo katika angalau pembe tatu. Waliozipoteza ni wenye lugha yenyewe.

Sasa, nisije nikaeleweka vibaya. Kuna majivuno fulani ya Waswahili kuhusu jambo hili: sisi tunaandika tunavyotamka, tunatamka tunavyoandika. Kwa kiasi kikubwa ni kweli, na ni fahari halali. Sauti ikibadilika, tahajia yetu imeweza kuifuata. Vitabu vya zamani vina khabari, leo tunaandika habari. Kh ilipolainika vinywani mwa wengi, iliondolewa kwenye maandishi pia, na mtoto wa darasa la kwanza akapunguziwa kaburi moja. Hata neno rough lenyewe lilipoingia kwetu kupitia uwanja wa mpira tulilisikiliza, hatukulitazama. Tukaandika rafu, kama katika "amecheza rafu". Herufi nne, zote zinafanya kazi. Na doo ya vijana wa mtaani, yaani pesa, naamini ni dough ile ile iliyopita sikioni bila kupitia daftarini.

Lakini majivuno hayo yana tundu. Paa la nyumba na paa wa porini tunawaandika sawa, ilhali Mswahili wa Mombasa anawatofautisha. P ya mnyama ina pumzi, ya nyumba haina. Kaa la moto na kaa wa pwani vivyo hivyo. Tahajia sanifu haikuona haja ya kuionyesha tofauti hiyo, na sisi wa bara tulioisoma lugha kitabuni hatukuisikia kamwe. Na gh yenyewe iko hatarini. Sikiliza taarifa ya habari, sikiliza bungeni, sikiliza madarasani: luga, gafla, garama. Bado tunaandika gh. Tunaiandika kwa uaminifu na wengi wetu hatuitamki. Hebu niambie, hiyo si ndiyo hali aliyokuwa nayo Mwingereza kabla neno halijawa kaburi?

Na angalia nani anamcheka nani. Mtoto wa Lamu akija Nairobi na gh yake kamili, atasikia ati anaongea "Kiswahili cha taarab". Wa Bungoma akiingiza kh yake katika Kiswahili, ameshrabu. Aliyepoteza ndiye anayemsahihisha aliyehifadhi. Hilo linafanana mno na chumba chetu cha darasa, ambapo tamshi lenye ukoo mrefu lilichekwa na watu waliojua kipande kimoja tu cha ukoo huo.

Kwa hiyo hukumu yangu kuhusu orodha ya -ough ni hii. Kama kichekesho, imechakaa. Kama silaha ya mchezo, ni kali na ina heshima yake, mradi ibaki mezani. Kama somo, ni hazina ambayo hatujaichimba. Ningekuwa mwalimu ningeiandika ubaoni maneno yote manane, kisha nichore safu tatu: waliodondosha sauti, walioigeuza f, walioifanya k. Halafu ningeuliza darasani nani nyumbani kwao wana sauti ile ya zamani. Mikono ingeinuka, na ningetaka tuisikie, mmoja mmoja, kwa maneno ya kwao. Hakuna mtihani unaouliza hilo, najua. Lakini mtoto aliyewahi kuambiwa kwamba koo lake linaweza kutamka kitu ambacho London ilikisahau, huyo akikutana na neno asilolijua atalisoma kwa sauti. Akilikosea, tutalirekebisha. Hilo ni jambo dogo. Asiposoma kabisa, hatuna cha kurekebisha.